Grafu imenyooka, mwimbaji hayupo: nimechoka kuambiwa masikio yangu mabovu

Wakuu, wiki ya pili hii nagombana na watu kwa ajili ya redio, leo nimeamua kutapika yote. Kabla hujaniandikia "soma sifa kwenye boksi", maliza uzi kwanza.

Nilinunua seti Kariakoo, amplifaya na spika mbili za kusimama, laki nne na themanini. Duka silitaji. Boksi limeandikwa wati 12,000 PMPO (eti nguvu ya kilele cha muziki), herufi kubwa kama bango la uchaguzi. Huo uongo niliujua tangu mwanzo: nyuma ya amplifaya kuna kibandiko kidogo kinasema inakula wati 60. Soketi ya ukutani ni ampea 13, zidisha kwa volti 230, haifiki hata wati 3,000. Wati 12,000 za kweli zingekula uniti 12 za LUKU kwa saa moja. Tunajua wote, tunacheka, tunalipa.

Hasira yangu iko kwenye kipimo ambacho si cha uongo.

Nafika nyumbani, naweka taarabu ninayoijua kama njia ya kwenda kwetu. Udi kushoto, fidla kulia, bibi anaimba katikati. Bibi hayupo! Maneno yanasikika, lakini hajulikani amekaa wapi, mara yuko nyuma ya kochi, mara ndani ya kichwa changu. Besi nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nikichomoa spika moja, iliyobaki inaimba safi kabisa.

Nikarudisha dukani. Kijana akatoa simu, akafungua programu ya kupima sauti, akapiga ule mlio wa "shhhh" kwenye spika ya kushoto: mstari umenyooka, yaani milio mizito na myembamba yote inatoka kwa ukubwa sawa. Ya kulia: umenyooka vilevile. Akanigeuzia kioo. "Mzee wangu, namba hazidanganyi. Kasafishe masikio." Wateja wawili wakacheka. Nina miaka 51, milio ya juu kabisa siipati tena kama zamani, nakubali. Ila mtu anayeimba katikati si mlio wa juu.

Bosi wake akaja na lake: eti nasikiliza sauti ndogo. Hapo angalau kuna hoja, watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipungua, besi ndiyo sikio linaipoteza zaidi. Lakini nyumbani niliifungulia mpaka jirani akagonga ukuta! Basi akaniwashia seti ya bei ya juu, na nikauona mkono wake unasogeza voliumu kidogo kabla ya kuniuliza, "Umeona tofauti?" Nikasema nimeona. Mjinga mimi. Sikio likiongezewa sauti kidogo tu linaita uzuri, na wauzaji wanalijua hilo.

Kwa hiyo na ninyi wa "sikio langu ndilo kipimo" msishangilie. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu spika zilezile, mara wakiziona, mara zimefichwa nyuma ya pazia, na alama zikabadilika. Macho yanasikiliza pia, hasa yakiona bei.

Lakini jamani, stirio haikai ndani ya spika moja! Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliiombea stirio hataza mwaka 1931, na inasimuliwa kilichomkera ni kumwona mwigizaji upande huu wa pazia la sinema huku sauti inatokea upande ule. Masikio mawili yanalinganisha kilichofika huku na kilichofika kule, tofauti isiyotimia hata milisekunde moja. Sasa ukipima spika ya kushoto peke yake, halafu ya kulia peke yake, hiyo stirio umeipima saa ngapi?

Fundi wa mtaani kwetu hana programu yoyote. Alichukua betri ya rimoti, akagusisha kwenye waya za spika ya kushoto, karatasi ya spika, ile inayotikisika, ikaruka nje. Ya kulia, betri ileile, chanya kwenye nyekundu vilevile: ikazama ndani. Akarudia mara tatu nikiwa nimeinama naangalia. Waya zimegeuzwa ndani ya boksi tangu kiwandani. Moja inasukuma hewa, nyingine inavuta, besi zinauana hapo katikati, na bibi wa watu anakosa pa kusimama. Ile grafu ya simu ilionyesha ukubwa wa sauti tu, karatasi inaanza kwenda nje au ndani haina habari.

Fundi akabadilisha nyekundu na nyeusi nyuma ya ile spika ya kulia. Nikaweka taarabu yangu. Bibi yuko katikati, chini ya saa ya ukutani, unaweza kumnyooshea kidole.

Nimewatumia video. Nataka spika nyingine na yule kijana aniombe radhi. Jibu limekuja leo saa nne: "Ukishafungua spika garantii imekufa."

Sijafungua skrubu hata moja! Betri unaigusisha nje, kwenye waya, palepale zinapoingilia.