Ndugu mtu mzima akipotea: waliopitia, tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Tarehe 28 Julai 1986 huko Fulham, London, dada wa miaka 25, Suzy Lamplugh, dalali wa nyumba, aliandika kwenye shajara yake kwamba saa 6:45 mchana anaenda kumwonyesha nyumba "Mr Kipper". Akatoka ofisini. Usiku uleule gari likapatikana na pochi yake imo ndani, yeye hajaonekana hadi leo. Mwaka 1993 akatangazwa kisheria kuwa amefariki. Mwaka 2002 polisi wakamtaja mshukiwa. Hakushtakiwa kwa kesi hiyo, na mwaka 2024 akafia gerezani.

Nayasema haya kwa sababu ya mama yangu mdogo. Aliaga anafuata mzigo Kariakoo, basi. Ukoo umegawanyika: wengine wanataka tuweke matanga, bibi hataki hata kusikia. Nyie mlifanyaje?

#2
Pole sana mkuu. Kwetu ni wifi yangu. Kituoni tukaambiwa, "Mwanamke mtu mzima huyo, mtafuteni kwa bwana'ke kwanza." RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi) tukaja kupewa siku ya nne, na kamera ya duka la jirani ilikuwa imeshajifuta. Ushauri: msing'oke bila RB. Tafuteni boksi la simu yake, IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe) imeandikwa pale. Na andikeni alivaa nini kabla hamjaanza kubishana. Sisi mpaka leo wengine wanasema kitenge, wengine dera.

#3
Namba yake bado mnaipiga? Sisi ya dada tuliipiga weee, siku moja ikapokelewa na kijana wa Kahama. Laini ilikaa bila kutumika, mtandao ukaiuza upya. Mama alimhoji yule kijana nusu saa, maskini, hana analojua.

#4
Kama kuna kiwanja au akaunti, jueni kwamba kwa Tanzania mtu asiposikika miaka mitano kwa wale ambao wangepaswa kusikia habari zake, mahakama inaweza kumchukulia kuwa amefariki. Kenya ni saba. Ndiyo maana tarehe ya RB ni muhimu, ndiyo mtakayoonyesha. Matanga ni jambo jingine, bibi msimlazimishe. Sisi tulisoma dua ya kumwombea popote alipo, neno marehemu halikutajwa, na wazee wote walikaa.

#1
Shukrani wakuu. Hiyo dua nadhani bibi atakubali. RB ipo, boksi la simu nampigia mjomba sasa hivi.