Skrini ya Linux imekwama kwenye 1024x768, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya mezani yenye Linux. Skrini ni ya pikseli 1920x1080 lakini imeng'ang'ania 1024x768. Maandishi yamevimba na yana ukungu, nikisoma saa moja tu macho yanauma. Kwenye mipangilio hakuna chaguo kubwa zaidi ya hilo.

Nimebadilisha kebo, hali ni ileile. Nikaendesha xrandr (amri ya kuona na kubadilisha ukubwa wa picha kwenye skrini): inaonyesha "default" badala ya HDMI, pamoja na onyo "Failed to get size of gamma for output default". Nikatengeneza modi mpya, yaani ukubwa mwingine wa picha, kwa amri ya cvt na chaguo la --newmode la xrandr, wapi! Halafu lspci -k (amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani na draiva, yaani programu za kuviendesha) haionyeshi draiva yoyote inayotumika kwenye kadi ya grafiki, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Wakati wa kusakinisha, skrini ilikuwa nyeusi tii, nikaongeza nomodeset (chaguo linaloiambia Linux isipange modi ya skrini yenyewe) kwenye GRUB, programu inayoanzisha Linux kompyuta ikiwashwa. Mpaka leo sijaiondoa. Je, ndiyo inayozuia draiva kupakiwa? Nikiifuta kwenye /etc/default/grub kisha nikaendesha update-grub ili mabadiliko yaanze kutumika, halafu skrini ikarudi kuwa nyeusi, nitaingiaje tena? Kazi zangu zote zimo humo, nisingependa kabisa kusakinisha upya.