Ujerumani, Kanada au Uingereza: masta ya kompyuta kwa akiba ya milioni 40

MgeniNjiani:

Wakuu, habari zenu. Naomba mwongozo. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta kutoka chuo cha hapa Tanzania, GPA 3.6, kazi ya kuandika programu miaka 3, umri 28. Nina mke na mtoto wa miaka 2. Akiba ni shilingi milioni 40, sina mdhamini. Nataka kusoma masta, nipate kazi, kisha tuishi huko kihalali familia nzima. Kusoma na kurudi si lengo langu. Wengine wananiambia Kanada ndiyo rahisi, wengine Uingereza kwa kuwa masta ni mwaka mmoja. Ujerumani naogopa lugha. Nielekee wapi, na nianze na nini?

Mzani wa Pwani:

Mkuu, anza na familia na fedha. Hivyo viwili vitakukatia orodha kabla hata hujafungua tovuti ya chuo.

Uingereza: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida ya darasani haruhusiwi kwenda na mke wala mtoto. Ruhusa imebaki kwa wanaosoma kwa utafiti. Ada ya masta ya kompyuta kwa mgeni ni nadra kushuka chini ya pauni 15,000. Nje ya London unaonyesha pia pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi 9, yaani 10,539. Ongeza ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na kwa viza ya masta ya mwaka mmoja hesabu huishia 1,164 kwa sababu viza inavuka mwaka. Milioni 40 haifiki. Hata ukikopa, ukimaliza masomo unapewa miaka 2 ya kutafuta kazi, na watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapata miezi 18 tu. Baada ya hapo mwajiri lazima akulipe kima kikubwa ndipo akudhamini.

Kanada: tangu Septemba 2025 mtu mmoja anaonyesha dola za Kanada 22,895, watu watatu 35,040. Hiyo ni ya kujikimu tu. Ada ya mwaka wa kwanza na nauli viko nje yake, na ada ya masta mara nyingi huanzia dola 20,000. Mwenza hupata kibali cha kufanya kazi ikiwa masta yako ni ya miezi 16 au zaidi, hiyo ni nafuu ya kweli. Ila kwa akiba yako mlango haufunguki bila ufadhili wa chuo.

Ujerumani: vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM cha München nacho kimeanza kutoza, kwa hiyo hivyo viweke pembeni. Unachotakiwa ni akaunti iliyozuiwa, Sperrkonto, yenye euro 11,904. Kadiria euro 1 kwa shilingi 2,900, unapata kama milioni 34.5. Fedha inabaki kuwa yako, unaitoa euro 992 kila mwezi. Kwa nchi hizi tatu, hiyo moja tu ndiyo inalingana na mfuko wako, na bado ni kwa mtu mmoja. Mke na mtoto wafuate baadaye. Usipange vingine.

DaftariJekundu:

Naunga mkono, lakini watu wengi hukwama Ujerumani kabla ya suala la fedha. Wanakwama kwenye alama na kwenye masomo waliyosoma.

GPA yako inageuzwa kwa fomula iitwayo ya Bavaria: 1 + 3 × (alama ya juu − alama yako) ÷ (alama ya juu − alama ya chini ya kufaulu). Kwetu ya juu ni 5.0 na ya chini ni 2.0. Kwa hiyo 3.6 inakuwa 1 + 3 × 1.4 ÷ 3 = 2.4. Kule namba ndogo ndiyo nzuri. Masta nyingi zinataka 2.5 au bora zaidi, kwa hiyo umepita kwa pembe nyembamba. Mwenye GPA 3.5 anapata 2.5 kamili, na mwenye 3.4 tayari ni 2.6, basi atafute kozi zisizoweka kikomo cha alama.

Baada ya alama wanatazama maudhui. Kozi ya masta inaweza kudai kiasi fulani cha hisabati, algorithimu na mifumo ya kompyuta, wakihesabu kwa alama za ECTS, kipimo cha Ulaya cha uzito wa masomo, moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Transkripti yetu inaonyesha jina la somo na daraja, haisemi mlisoma nini. Nenda idarani kwako uombe maelezo ya kila somo yenye muhuri: mada, saa za mihadhara, maabara, kujisomea. Bila karatasi hiyo mtu anaandika "Discrete Mathematics" na mkaguzi anaipa sifuri. Maombi mengi hukataliwa hapo, na barua inasema tu kwamba digrii yako "haihusiani vya kutosha".

Kagua pia chuo chako kwenye anabin, hifadhidata ya Wajerumani ya vyuo na digrii za nje. Ukiona H+ maana yake chuo kinatambuliwa.

Maombi mengi hupitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo: euro 75 kwa la kwanza, 30 kwa kila linalofuata muhula huo huo. Chagua manne au matano ya maana, usitupe kumi. Na kama kuna dalali anakudai mamilioni kwa kazi hii, kataa. Ni fomu unazojaza mwenyewe.

MgeniNjiani:

Asanteni sana. Je, kuna njia ya kwenda moja kwa moja kutafuta kazi bila masta? Na lugha inaumiza kiasi gani?

Mzani wa Pwani:

Ipo, inaitwa Chancenkarte, ilianza Juni 2024. Ni ya mwaka mmoja kutafuta kazi, ukiruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Unahitaji alama 6. Kwako: umri usiozidi 35 alama 2, uzoefu wa miaka 2 ndani ya 5 iliyopita alama 2, kompyuta kuwa fani yenye uhaba alama 1. Una 5. Ya sita ni Kijerumani cha A2 au Kiingereza cha C1 (ngazi za lugha huanzia A1 hadi C2). Digrii yako ikitambuliwa kuwa sawa kabisa na ya kwao, alama hazihitajiki.

Pamoja na hayo sikushauri. Fedha ya kuonyesha ni kubwa kuliko ya mwanafunzi, euro 1,091 kwa mwezi mwaka 2025, na mwaka ukiisha bila ajira unarudi. Masta inakupa miaka 2 ya kujifunza lugha ukiwa ndani, ruhusa ya kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, halafu miezi 18 ya kutafuta ajira. Ni nafasi pana zaidi kwa fedha pungufu.

Lugha: masta za Kiingereza ziko tele, ila tangazo la kazi likiandikwa Kijerumani linakupita. Anza Goethe-Institut Dar sasa, fika na A2 au B1. Lugha ndiyo inayofupisha safari yako yote, maana mwenye Blue Card, kibali cha kazi cha wenye digrii wanaofikia mshahara fulani, hupata ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 akiwa na A1, au miezi 21 akiwa na B1. Mshahara wa chini wa Blue Card kwa mhitimu mpya na fani za uhaba mwaka 2026 ni euro 45,934 kwa mwaka. Mke wa mwenye Blue Card hadaiwi cheti cha Kijerumani kabla ya viza, na anaruhusiwa kufanya kazi. Kwa hiyo kama mtatengana, mtengane hadi hapo.

Ndugu wa Uvira:

Naongeza kwa wasomaji wa Goma, Bujumbura na Kigali, msije mkafuata hesabu ya Ujerumani bila kuangalia mnachokishika mkononi. Ukijua Kifaransa vizuri, Kanada inabadilika kabisa. Mfumo wa Express Entry, unaochagua wahamiaji kwa alama, huwa na duru za wazungumzaji wa Kifaransa, na alama za kuitwa humo zimekuwa chini sana kuliko duru nyingine. Fanya mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada, ufikie ngazi ya 7 ya kipimo cha Kanada katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, vyote vinne. Ukianguka kimoja umeanguka. Umri nao unakimbia: baada ya miaka 29 alama zinapungua kama 5 au 6 kila mwaka. Na alama za barua ya ajira zilifutwa Machi 2025, kwa hiyo anayewauzia barua hiyo "ili muongeze alama" anawaibia.

DaftariJekundu:

Suala la uraia msilisahau. Ujerumani tangu Juni 2024 unaweza kuomba baada ya miaka 5 bila kuacha uraia wako, lakini sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya anaruhusiwa tangu Katiba ya 2010. Mtanzania mwenye kiwanja na urithi nyumbani afikirie kubaki na ukaazi wa kudumu.

Mgeni, utaratibu wako: mwezi huu maelezo ya masomo kutoka idarani na kozi ya A1. Muhula wa Oktoba, vyuo vingi hufunga maombi ya wageni Mei 31 au kabla, ingawa tarehe ya jumla ni Julai 15. Miadi ya ubalozi ikipatikana mapema ichukue, na sharti la barua ya chuo lisome kwanza. Sperrkonto fungua baada ya barua ya chuo, na unapotuma fedha iambie benki makato yote ulipe wewe huku, kisha ongeza kama euro 100. Benki ya katikati ikikata 20, akaunti inasoma 11,884, na cheti cha kupeleka ubalozini hakitoki.