Kisima changu Mabogini maji yanageuka rangi kila masika, ni choo cha jirani au dawa za nyanya?

MamaWawili
Habari za jioni wakuu. Nipo Mabogini huku chini ya Moshi, nina kisima cha kuchimba kwa mkono, kina futi kama 30 hivi. Kiangazi maji safi unaona mpaka chini, ila masika ikianza tu siku mbili tatu yanakuwa kama chai ya rangi na yana kaharufu siwezi hata kukaelezea. Mwaka huu watoto wote wawili wameharisha wiki nzima nikasema basi. Mazingira yalivyo: choo cha shimo cha jirani kipo hatua 15 kutoka kisimani, banda langu la ng'ombe mmoja lipo nyuma, halafu juu kidogo kuna kijana kakodi shamba analima nyanya, anapuliza kila baada ya siku chache na bomba lake anaoshea kwenye mfereji huu huu unaopita pembeni ya uzio wangu. Baba watoto anasema tumwage dawa kisimani yaishe, mie naona kama tunafunika kombe mwanaharamu apite. Na nikichemsha si inatosha lakini?

Kahe_Damu
Naweka kambi hapa, changu nacho hivyo hivyo.

FundiKisima
Pole dada. Kabla hujamlaumu jirani nenda kaangalie mdomo wa kisima chako. Nimeshuka visima vingi tambarare huku na nakwambia kikibadilika ndani ya siku mbili za mvua mara nyingi ujue maji ya juu yanaingia moja kwa moja, hayajachujwa na udongo. Je umefunika na bati na jiwe juu? Kuna zege kuzunguka au tope tupu? Ndoo na kamba mnazilaza wapi mkishachota? Maana nishakuta kamba imelala chini kuku wanapita juu yake, mtu anaichukua anaitumbukiza, halafu anauliza uchafu umetoka wapi 😂

Kinachotakiwa: ukuta wa ndani uzibwe vizuri kwa saruji mita 3 za juu, mdomo uinuke kama nusu mita kutoka ardhini, zege kuzunguka upana wa mita moja na nusu hivi iteremke kwenda nje na kijimfereji cha kupeleka maji mbali, mfuniko wa kufunga. Ukiweza weka pampu ya mkono, ndoo iondoke kabisa.

Choo sasa. Sisi tunachukua mita 30 angalau, hatua 15 ni karibu mno. Halafu upande nao una maneno, maji ya ardhini kwa kawaida yanafuata mteremko. Simama kisimani: choo kikiwa upande wa Kibo, yaani juu mlimani Kilimanjaro, una tatizo kubwa, kikiwa upande wa TPC, kule chini kwenye mashamba ya miwa, una nafuu kidogo. Na huku kwenu masika maji yanapanda karibu na uso wa ardhi, shimo la choo linakuwa linaogelea humo humo.

Dawa ni ya mwisho. Ukiweka klorini leo na mdomo uko wazi, mvua ya kesho imerudisha kila kitu.

Msae_wa_Usa
Hapo kwenye kuchemsha wengi tunajidanganya. Kuchemsha mpaka yatokote kabisa kunaua vijidudu, hiyo sawa, wachemshie watoto na yahifadhi kwenye ndoo ya mfuniko na koki, siyo kila mtu anachovya kikombe. Ila sumu ya nyanya haitoki kwa kuchemsha, na nitrati ya samadi na choo haitoki, tena maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Ukiwa na kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo hiyo nitrati ni hatari kwake, mwisho wa WHO ni miligramu 50 kwa lita.

Sisi huku Usa River na Maji ya Chai, Arusha, tumejifunza kwa meno yetu. Floraidi inatoka kwenye miamba ya Meru, hakuna wa kumlaumu, WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na huku kuna vyanzo vinapita hapo mbali sana. Bibi alichemsha miaka yote na meno yetu yakawa kahawia vile vile. Kilichosaidia nyumbani ni mchujo wa mkaa wa mifupa, kile kituo cha Ngurdoto ndio wanashughulika nao, na maji ya mvua ya kunywa na kupikia. Mvua ya kwanza unaiacha ioshe bati na gata kwanza ndio unageuzia kwenye simtanki.

Kapime dada. Ofisi za Bodi ya Maji Bonde la Pangani zipo hapo Moshi, waulize utaratibu. Chupa wakupe wao, usibebe ya soda.

Mzee_Kihamba
Wanangu, mfongo, yaani mfereji wetu wa Kichagga, una heshima yake. Mama yangu Kibosho alichota alfajiri kabla ng'ombe hawajafunguliwa, na ukifulia juu ya watu unaitwa kwenye kikao. Huyo kijana wa nyanya usimwendee kwa ugomvi. Mwonyeshe: bomba likiisha aweke maji kidogo, atikise, apulizie hayo hayo kwenye nyanya, mara tatu, dawa haipotei na mfereji unapona. Makopo atoboe asiyaache yakaokotwa ya kuwekea mafuta ya kula. Asiposikia, bwana shamba na mwenyekiti wa mfereji wapo. Ile sheria ya mazingira ya 2004 ya kutofanya shughuli ndani ya mita 60 ni ya mito na maziwa, kwa mfereji mtaelewana wenyewe.

Na samadi mama, usiirundike upande wa juu wa kisima. Iweke chini, ifunike na majani ya migomba.

MamaWawili
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Leo nimeenda na tochi. Fundi umenisema mimi kabisa, kamba ilikuwa chini na kuku yupo 🙈 bati limeoza kona moja na pembeni kuna ufa unaoingia kiganja, tope limechora mstari mpaka ndani. Choo kipo upande wa TPC ashukuriwe Mungu. Rundo la samadi ndio liko upande wa Kibo, na ni langu mwenyewe. Kijana wa nyanya nimempelekea ndizi kwanza, kesho ndio naongea.

Fundi, klorini niweke kabla ya kumwaga zege au baada?

FundiKisima
Baada. Zege ikae wiki unaimwagilia, kisha tunachota maji yote tunasugua ukuta ndio tunaweka. Yanalala usiku kucha, asubuhi mnachota na kumwaga mpaka harufu iishe, msiyamwage kwenye mfereji. Kipimo usikisie, nitumie kipenyo na kina cha maji nikupigie hesabu.