Klabu ya falsafa kidato cha tano: nifanyeje mjadala usifie kwenye "inategemea na mtu"?

Chaki_na_Ubao

Habari za kazi wanajukwaa. Nalea klabu ya falsafa ya wanafunzi 32 wa kidato cha tano, vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80 kwa wiki. Maswali wanayachagua wenyewe na ni mazito: kwa nini tutende mema, mimi ni nani, furaha ni kitu gani. Tatizo ni kwamba mjadala wa maadili unafia kwenye "inategemea na mtu", wa utambulisho unageuka ubishi wa makabila, na wa furaha unakwisha kwa "ukiwa na hela basi". Naomba utaratibu unaofanya kazi. Na wale wanaojibu kila swali kwa andiko, niwaongozeje bila kuwavunjia heshima?

Mdadisi_wa_Ziwani

Mwalimu, kasoro iko kwenye swali la kufungulia. Ukiuliza "furaha ni nini?" utapata tafsiri 32 na hakuna atakayeona haja ya kumkosoa mwenzake. Anza na kisa kinachobana, ambacho anayesema ndiyo na anayesema hapana hawawezi wote wawili kuwa sahihi.

Kwa maadili nashauri pete ya Gyges, iliyomo kwenye kitabu cha pili cha Jamhuri, maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mchungaji wa Lydia anapata pete. Akikigeuza kito chake upande wa kiganja, haonekani. Anamtongoza malkia, anamuua mfalme, anatwaa ufalme. Glaucon, mmoja wa wanaozungumza humo kitabuni, anauliza: tukimpa mtu mwadilifu pete ya pili, ataishi tofauti na yule mchungaji? Usiwaulize "wewe ungefanya nini?", maana utavuna majigambo na toba, siyo hoja. Uliza hivi: "Asiyeweza kukamatwa ana sababu gani ya kutodhulumu?"

Dakika zigawe hivi. Kusoma kisa 5. Kimya, kila mmoja aandike swali lake, 4. Vikundi vinane vya watu wanne vichague swali moja moja na kuliandika ubaoni, 8. Kura 5, kila mtu kura mbili, macho yamefumbwa, la sivyo wote watamfuata yule anayesikilizwa darasani. Mjadala wenyewe 40. Duara la watu 32 ni kubwa mno na wengi hawatafungua mdomo; weka 16 ndani na 16 nje, wabadilishane baada ya dakika 20. Kila aliye nje anamfuatilia mmoja wa ndani na kuandika sababu anazotoa, msimamo wake auache. Dakika 10 za mwisho ni za kuandika. Zinabaki 8, na kuhamisha viti kutazimaliza.

Ukisema neno baada ya kila mwanafunzi, watazungumza na wewe badala ya kuzungumza wao kwa wao. Jifunge na maswali manne tu: Kwa sababu gani? Kuna mfano unaopinga hilo? Ukilikubali hilo, unalazimika kukubali lipi jingine? Linatofautianaje na alilosema mwenzako? Ukishauliza, hesabu hadi tano kimoyomoyo kabla ya kuongeza chochote. Kimya kinamtisha mwalimu kuliko kinavyomtisha mwanafunzi.

Matthew Lipman, aliyeanzisha taasisi ya falsafa kwa watoto huko Montclair, New Jersey, mwaka 1974, ndiye aliyeieneza njia hii ya darasa kuwa jumuiya inayochunguza pamoja. Kiini chake ni kwamba swali linatoka kwa wanafunzi. Ukilipachika la kwako, utaona wanakutazama usoni wakitafuta jibu unalolitaka.

Hoja_Kwanza

Naongezea kwenye "inategemea na mtu", kwa sababu ndani yake kuna madai matatu yaliyofungwa pamoja. Yaandike ubaoni mbalimbali:

(a) Watu wanaamini mambo tofauti kuhusu mema na mabaya.
(b) Hakuna aliye sahihi kuliko mwingine.
(c) Kwa hiyo tusiwalaumu wanaofikiri tofauti na sisi.

(a) ni kweli tupu na hakuna anayeipinga. Lakini (b) haitoki kwenye (a): watu wamewahi kutofautiana kuhusu umbo la dunia, na wengine walikosea. Halafu (c) yenyewe ni kanuni ya maadili inayodai kumhusu kila mtu, kwa hiyo anayeshika (b) hana pa kuisimamisha. Waache waligundue hilo wenyewe. Ukiwaambia wewe watalinakili kwenye daftari na kuendelea kama kawaida.

Wakikwama, wape mfano wa mtahini aliyempa mtu 40 badala ya 75 kwa sababu hapendi mwandiko wake. Watasema ni dhuluma, tena kwa sauti. Hapo uliza: ni dhuluma, au ni jambo msilolipenda tu? Tofauti yake ni ipi?

Kuhusu andiko, tafadhali usilichukulie kama kikwazo. Swali linalotokana na Euthyphro, maandishi mengine ya Plato, kwamba jema ni jema kwa kuwa limeamriwa na Mungu au limeamriwa kwa kuwa ni jema, limejadiliwa sana ndani ya dini zenyewe. Kwa Waislamu, wanazuoni wa kundi la Mu'tazila walisema akili inaweza kujua jema na baya, wale wa kundi la Ash'ari wakasema ni amri ya Mungu inayolifanya jambo kuwa jema. Kwa Wakristo, Thomas Aquinas alifundisha kwamba akili ya binadamu inaweza kuitambua sheria ya maumbile. Mwanafunzi akijua wanazuoni wa imani yake wamelikabili swali hili, hatajihisi anashambuliwa.

Kasuku_Mkimya

Utambulisho: weka sharti kwamba kabila la mtu yeyote aliyemo chumbani halitumiki kama mfano. Bila hilo kila mmoja anatetea ndugu zake, na huwezi kumlaumu. Kisha tenganisha maswali mawili ambayo huwa yanachanganywa: "Je, huyu ni yule yule?" na "Huyu ni mtu wa namna gani?"

La kwanza lianze na John Locke, toleo la 1694 la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu. Nafsi ya mwana wa mfalme, pamoja na kumbukumbu zake zote, inaingia kwenye mwili wa fundi viatu. Nani awajibishwe kwa makosa ya mwana wa mfalme? Locke anasema mtu anafuata fahamu yake. Darasa likishakubali, leta pingamizi la Thomas Reid la 1785: mtoto alichapwa kwa kuiba matunda, akakua akawa ofisa kijana aliyeteka bendera ya adui, akazeeka akiwa jenerali. Ofisa anakumbuka kuchapwa. Jenerali anakumbuka bendera, lakini kuchapwa kumefutika kabisa. Chora A, B, C ubaoni. Kwa kipimo cha kumbukumbu, C ni B, B ni A, ila C si A. Lipe muda huo mchoro, usiukimbize. Hapo ndipo wanafunzi wanapoona kwa macho yao jinsi hoja inavyovunjika.

Swali la pili lina wenyeji wake huku kwetu. John Mbiti, Mkenya, aliandika mwaka 1969 kwamba mtu yupo kwa sababu jamii ipo. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria akaenda mbali zaidi mwaka 1984: utu unapatikana kwa hatua, kadiri mtu anavyotimiza wajibu wake katika jamii. Kwame Gyekye wa Ghana akapinga kwamba amezidisha, mtu ana hadhi yake hata kabla jamii haijampa chochote. Pimeni kwa visa viwili: mtoto mchanga, na mtu aliyefukuzwa na kijiji kizima.

Mdadisi_wa_Ziwani

Kwenye furaha, "hela" ni mwanzo mzuri, usiukatae. Uliza "kwa ajili ya nini?" mara tatu au nne mfululizo. Aristotle alilisema hilo mapema: mali hutafutwa kwa ajili ya kitu kingine. Wakifika kwenye "nijisikie vizuri", leta mashine ya kubuni ya mwanafalsafa Robert Nozick ya 1974, inayokupa maisha matamu unayoyaona ni ya kweli kumbe umelala umeunganishwa nyaya.

Zingatia hapa panapoharibika. Wengi wataikataa kwa sababu zisizohusika: umeme utakatika, mama atalelewa na nani. Ziba mianya hiyo kabla ya kura: mashine haiharibiki, familia inatunzwa, na ukishaingia hukumbuki kwamba uliingia. Baada ya kura geuza kisa: umeambiwa kwamba tayari uko ndani, je, utatoka? Anayekataa kuingia na pia anakataa kutoka huenda anatetea mazoea, siyo ukweli. Mwombe aeleze.

Chaki_na_Ubao

Nashukuru sana ndugu zangu. Swali moja: zile dakika 10 za kuandika nizisahihishe vipi?

Hoja_Kwanza

Kwa dakika 10 maneno 120 yanatosha. Alama 10: dai lililo wazi 2, sababu 3, pingamizi zito kuliko yote 3, jibu la pingamizi 2. Pingamizi wataliandika dhaifu makusudi ili walishinde, kwa hiyo lisomwe kwanza na mwenzake wa upande wa pili. Asipokubali kwamba ndivyo anavyofikiri, linaandikwa upya. Msimamo wenyewe usiupe alama. Na aliyebadili mawazo asikatwe chochote akitaja sababu iliyombadilisha, kwa maana wamezoea mdahalo wa shule ambako kuhama upande ni kushindwa.