Naombeni ushauri: tunachora vibonzo na watoto wodini, sasa inchaji katufungia mlango

Penseli_HB: Wakuu, poleni na baridi. Tuko watatu hapa Mbeya, tunachora vibonzo na animesheni, kazi ya kujitolea tu. Jumamosi mbili tumeingia wodi ya watoto ya hospitali moja, tumechora nao na wamefurahi. Jumamosi ya tatu inchaji wa wodi katuzuia mlangoni, maelezo hakuna. Turudi vipi? Ijumaa nina jambo linanibana.

Matroni_Mstaafu: Mliingia na vifaa gani? Krayoni za nta, boksi la rangi 12 kwa kila mtoto, na likishatolewa halirudi mkobani. Penseli ya mbao nayo mwachieni, mti hausafishiki. Ubao wa plastiki wa kubania karatasi ufuteni kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kuhamia kitanda kingine, kisha uacheni ukauke wenyewe. Ukiukausha kwa kitambaa haraka, spiriti inakuwa haijaua kitu. Maka pen za harufu kali zinambana mwenye pumu. Mikasi na maputo marufuku. Mwenye mafua abaki kwao.

MzeeWaUyole: Mlimchora inchaji na pua kama ya tembo, semeni ukweli 😂

Kamwene_Iringa: Kamwene. Mimi niseme la mchezo wenyewe, maana wengi wanapeleka kile kiduara cha manila chenye ndege upande mmoja na tundu upande wa pili, unakisokota kwa nyuzi mbili. Kwanza, upande wa pili uchorwe kichwa chini, la sivyo ndege anakaa ndani ya tundu lililopinduka. Pili, kinataka mikono miwili, na mtoto mwenye kanula, kile kibomba cha dripu mkononi, ana mmoja. Mpe huu: karatasi ya sentimita 20 kwa 7, ikunje katikati, mkunjo ubandike kwa selotepu juu ya ubao. Ukurasa wa chini chora uso wenye macho wazi, wa juu unakili uso uleule, macho yamefumba. Ukurasa wa juu uviringishe kwenye penseli, kisha isukume penseli mbele na nyuma harakaharaka. Uso unakonyeza! Mkono mmoja unatosha. Ukinakili kichwa kikasogea hata milimita 3, kinaruka badala ya kukonyeza, hivyo nakilini dirishani kwenye mwanga.

Matroni_Mstaafu: Penseli, hujanijibu. Inchaji hafungi mlango kwa ajili ya krayoni. Mlipiga picha?

Penseli_HB: Shikamoo mama. Watoto hatukuwapiga. Tulipiga michoro yao, tukaitengenezea animesheni ya sekunde 60, nikaweka status. Ina sauti ya mtoto anacheka. Pembeni mwa michoro yanasomeka majina na namba za vitanda, tuliandika ili kila mchoro urudi kwa mwenyewe. Sura haionekani hata moja! Kuna duka la simu Mwanjelwa litachangia vifaa likiiona Ijumaa. Mama mmoja alikubali kwa mdomo.

Wakili_wa_Kahawa: Jina, kitanda, wodi. Hiyo ni taarifa ya mgonjwa, tena mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziita nyeti, na ridhaa yake ni ya maandishi.

MzeeWaUyole: Wema siku hizi haukamiliki bila status.

Fremu12: Subirini. Sekunde 60 kwa michoro 12 kila sekunde ni michoro 720. Watu watatu, ndani ya wiki? Uzi wa kutunga huu.

Penseli_HB: Nani kachora 720? Tumekata wahusika wa manila, viungo vimeshonwa kwa uzi, midomo mitano ya kubadilisha. Simu tumeifunga juu ya meza, picha 8 kwa sekunde, jumla 480. Jioni nne. Tulianza kwa mwanga wa dirisha, kila wingu likipita picha inapepesa, tukafunga pazia tukabaki na balbu moja.

Fremu12: Hapo nimekuelewa. Mngefunga na mwanga wa kamera, ikijirekebisha yenyewe inapepesa hata kwa balbu. Manila ya gramu ngapi?

Penseli_HB: 200. Ya 160 inajikunja.

Matroni_Mstaafu: Manila baadaye. Futa status leo. Kamuone inchaji ana kwa ana, umwombe radhi, ndipo barua iende kwa mganga mfawidhi, nakala kwa afisa ustawi wa jamii: majina yenu, siku, saa, vifaa. Msiombe asubuhi, madaktari wanapita wodini.

Penseli_HB: Nikikuza picha pembe zitoke nje ya kioo, je? Duka halisubiri.

Wakili_wa_Kahawa: Na kicheko?

Penseli_HB: Kicheko ndicho kinachobeba video, mkuu.

Fremu12: Chekeni wenyewe, mpandishe sauti iwe nyembamba kama ya mtoto kwenye programu ya kuhariri. Michoro ya watoto ichoreni upya kwa mikono yenu, sekunde 15 zinatosha: picha 120, jioni moja.

Penseli_HB: Status nimeshafuta. La duka sijaamua.