Naomba ushauri: sebule inanuka mkojo wa paka, na Jumamosi wanakuja kuleta barua

Binti Ngamiani (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa haraka. Nipo Tanga mjini, nimepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Kiswahili, mwenye nyumba naye anaishi humo humo upande wa mbele. Sebule yangu inanuka mkojo wa paka hadi aibu. Nimefua vitambaa vya sofa, nimepiga deki kwa sabuni ya maji, udi nawasha asubuhi na jioni. Jua likiwaka harufu inapotea, mvua ikinyesha inarudi pale pale, na masika ndiyo haya. Jumamosi wazee wanaleta barua ya posa, nitawakalisha wapi? Naomba dawa ya kuondoa harufu. Na kama kuna anayejua paka akihasiwa anatoka siku hiyo hiyo au analazwa, aniambie pia.

Ndimu Kavu
Hongera dada. Mahari umetaja ngapi?

Mjukuu wa Chifu
Paka na posa haviendi pamoja. Mtie kwenye kiroba, mwache soko la samaki. Wenzake wapo huko, watamlea.

Mama Kibokoni
Weye mjukuu ushindwe, paka hatupwi. Mie niko Mombasa, yalitupata hayo. Shume la jirani likimwaga kwenye kapu la nguo za kupiga pasi, sisi hatuna habari. Mume wangu Ijumaa kavaa kanzu, kaenda zake msikitini. Karudi kanuna, ati safu nzima yamkimbia, na muda wote yeye alidhani wanaonuka ni wale wavuvi waliokaa nyuma yake. Hadi leo hataki kuona paka ukumbini. Dawa tuliyotumia siikumbuki, nafikiri tulihama.

Fundi Sofa
Dada, kufua kitambaa ni kujichosha. Mkojo umeshapita, uko kwenye sponji. Fungua zipu uinuse sponji yenyewe. Kama umeingia ndani sana, sponji inabadilishwa, hakuna ujanja. Kama ni juu juu, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowanisha, kamua kwa taulo, anika. Ikikauka nyunyiza soda ya kuokea (siyo magadi ya maharage), lala nayo, asubuhi kung'uta. Na usikisie doa liko wapi. Azima tochi ya kukagulia noti bandia kwa wakala wa pesa za simu, zima taa usiku, mulika. Mkojo mkavu unang'aa. Utashangaa umefika mpaka wapi.

Mjukuu wa Chifu
Makelele yote haya ya nini, mwaga Jik basi.

Daktari wa Ng'ombe
Asimwage Jik. Mkojo una amonia, klorini ikikutana nayo inatoa hewa ya sumu, na chumba chenyewe kimefungwa kwa mvua. Tena sabuni yoyote yenye amonia humwambia paka kwamba kuna mwenzake kapita hapo, naye anarudi kumjibu.

Dada, harufu inarudi na mvua kwa sababu asidi ya yuriki iliyomo kwenye mkojo huganda ikawa chembe ambazo maji peke yake hayaziyeyushi. Zikikauka zinatulia, hewa ikipata unyevu zinanuka upya. Kinachozimaliza vizuri ni dawa yenye vimeng'enya. Ukiikosa Tanga, anza na siki kama fundi alivyosema, halafu nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 duka la dawa, ila ijaribu kwanza upande usioonekana maana inachujua rangi. Udi acha, unazipaka manukato tu.

Sasa nijibu. Ni dume au jike? Amehasiwa? Ana umri gani? Anajisaidia wapi? Umemwona akifanya? Paka mwenye haja huchuchumaa na mkojo unakuwa mwingi, sakafuni. Anayeweka alama husimama, anakipa kitu mgongo, mkia juu unatetemeka, anarusha kidogo kidogo ukutani. Na kama ni dume, anachuchumaa mara kwa mara hatoi kitu, basi huu uzi uache, mpeleke leo hii. Njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu.

Binti Ngamiani
Asante sana daktari. Hajaziba, mzima huyo. Ni shume. Imerushwa ukutani usawa wa goti, kwenye pazia na nyuma ya sofa. Kuhasiwa bado ila hilo nalishughulikia kesho. Nisaidieni ya harufu tu.

Daktari wa Ng'ombe
Umri hukusema. Kumwona hukusema.

Binti Ngamiani
Umri sijui. Anaitwa Bosi.

Ndimu Kavu
Paka wako mwenyewe hujui umri wake?

Binti Ngamiani
Jamani mbona mnanihoji kama polisi. Si wangu. Wangu anaitwa Simba, ana mwaka na nusu, mtulivu, hajawahi kuharibu kitu. Bosi ni wa mwenye nyumba. Dirisha la uani halina wavu, anaingia anavyotaka.

Shehe wa Mtaa
Binti, kwa faida ya wote: paka mwenyewe si najisi, mate yake ni twahara, lakini mkojo wake ni najisi. Hapo sebuleni usisali mpaka uoshe. Ukiosha kwa juhudi, ikabaki harufu peke yake na kuiondoa kumekuwa kugumu, hiyo imesamehewa. Lakini nina swali. Mwenye nyumba ameridhia paka wake akahasiwe?

Ndimu Kavu
Tunasubiri jibu hapa.

Ndimu Kavu
Bado tunasubiri.

Binti Ngamiani
Haya. Hajui. Nimemwambia zaidi ya mara moja, kila nikisema ananijibu paka ni baraka ya nyumba. Ameenda msibani Pangani, anarudi kesho jioni. Bosi nimemfungia stoo ndani ya tenga, ana maji, ana dagaa, simtesi. Hela nusu nimeshalipa. Asubuhi naenda naye, jioni mama anamkuta kalala barazani kama kawaida yake. Nani atajua? Mtu hamkagui paka wake huko nyuma. Na nimesoma wenyewe mnasema madume wengi wakihasiwa wanaacha kurusha, sasa kosa langu lipo wapi? Nyinyi ndio mtakaokaa na wazee kwenye harufu?

Shehe wa Mtaa
Lipo kwenye mali ya mtu, binti. Mama wa watu yupo msibani.

Mjukuu wa Chifu
Wanaume wenzangu, uzi huu nausoma nimebana miguu. Bosi, Mungu akusimamie.

Mama Kibokoni
Na huyo muoaji ajua haya? Mke amfanyia mwenye nyumba hivi, yeye atamfanyia nini akikosea?

Ndimu Kavu
Jamaa aje na kifuniko.

Doria ya Usiku
Wakuu mnahangaika bure, hii chai. Nimepitia nyuzi zake za zamani. Mwezi wa pili akaunti hii hii iliuza bodaboda, mwenyewe akajiita "baba wa watoto wawili". Leo ni bi harusi? Halafu nyumba ya Kiswahili ukuta ni mmoja, paka alie usiku kucha kwenye tenga wapangaji wengine wasiulize?

Binti Ngamiani
Akaunti ni ya kaka yangu, naitumia kwa ruhusa yake. Na wapangaji wameuliza, nimewaambia ni Simba anaumwa.

Doria ya Usiku
Chai imeongezwa tangawizi. Leta picha ya huyo Bosi.

Fundi Sofa
Hata kama ni chai, sponji ni kweli. Mimi najibu sponji.

Mjukuu wa Chifu
Kama ni chai na mimi nataka kikombe. Endelea dada.

Binti Ngamiani
[picha] Haya. Tenga hilo, na pembeni ni gazeti la jana kwa ajili yako wewe doria. Furahi.

Doria ya Usiku
Picha ya intaneti hiyo.

Daktari wa Ng'ombe
Ngoja kwanza. Mweupe, mweusi na rangi ya chungwa, hizo rangi zote ni zake au ni kivuli?

Binti Ngamiani
Zake zote. Madoadoa.

Daktari wa Ng'ombe
Dada, huyo ni jike.

Binti Ngamiani
Anaitwa Bosi!

Daktari wa Ng'ombe
Hata angeitwa Bwana Afya. Rangi ya chungwa na nyeusi kwa paka hukaa kwenye kromosomu ya X. Akiwa nazo zote mbili maana yake ana X mbili, na wa X mbili ni jike. Dume wa rangi tatu ni nadra mno, na akitokea karibu kila mara ni tasa. Kumhasi jike ni kupasua tumbo, atashonwa na kuuguzwa, hatarudi barazani jioni kama hakuna kilichotokea. Na hilo tumbo kwenye picha silipendi.

Binti Ngamiani
Nilidhani amenona kwa dagaa.

Daktari wa Ng'ombe
Simba amehasiwa?

Binti Ngamiani
Simba bado mdogo.

Daktari wa Ng'ombe
Mwaka na nusu si mdogo. Dume anaweza kuzalisha tangu miezi sita hivi. Una shume mzima ndani, jike linaingia dirishani akiwa na joto, Simba anatangaza nyumba ni yake. Majike nao wapo wanaorusha, lakini mshukiwa wa kwanza ni wako. Na hujaniambia Simba anajisaidia wapi.

Binti Ngamiani
Uani, kwenye mchanga. Usiku nafunga mlango.

Daktari wa Ng'ombe
Basi usiku hana pa kwenda. Weka beseni la mchanga ndani, uzoe kila siku. Dirisha litie wavu. Bosi mtoe stoo sasa hivi.

Binti Ngamiani
Simba hawezi, namjua. Hata hivyo nusu ya hela nimeshalipa na pale hawarudishi.

Daktari wa Ng'ombe
Hela ibaki, badilisha paka. Ila harufu ya homoni haikatiki kesho yake, inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Mjukuu wa Chifu
Kwa hiyo mwanao kampa mimba binti wa mwenye nyumba, na wewe ukamfungia binti kwenye tenga.

Ndimu Kavu
Jumamosi wazee wakimaliza kwako wahamie upande wa mbele na barua ya Simba.

Shehe wa Mtaa
Mama akirudi kutoka Pangani mweleze mwenyewe kabla wapangaji hawajamweleza.

Binti Ngamiani
Nimemfungulia Bosi. Ametoka, kazunguka uani, karudi tena sebuleni kwangu amelala juu ya sofa. Ya kumwambia mama nitaangalia. Kuhusu Simba sijaamua.

Doria ya Usiku
Chai.

Fundi Sofa
Dada, ya paka mtamalizana wenyewe. Sponji unataka ya inchi nne au tano? Sema leo, Ijumaa nafunga mapema.